Ramani ya mawazo au orodha ya ngazi: jinsi ya kupima programu za bure kwa notisi zako mwenyewe

Programu za bure za kupangia notisi zipo tele, na picha za matangazo yake zinafanana kama mapacha: duara katikati, matawi ya rangi, kila tawi na maneno mawili matatu. Notisi za kweli hazikai hivyo. Zina mistari 40 ya somo moja, nusu haina mpangilio, tarehe zimechanganyika na majina, na lipo jambo moja linalodai kukaa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Mistari hiyo 40 ndiyo mizani ya programu. Picha ya tangazo iache.

Mfano tutakaoutumia ni notisi za Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Wengi wanazijua tangu shuleni, na zina aina zote mbili za mambo: sababu, ambazo hazina wa kwanza wala wa mwisho, na matukio, ambayo ukiyapindua umekosea. Weka somo lako mahali pake, kazi ni ile ile.

Kabla ya kupakua chochote, elewa jambo moja. Ndani ya kompyuta, ramani ya mawazo na orodha ya ngazi ni kitu kimoja: mti. Kuna shina, lina watoto, na watoto wana watoto. Tofauti iko machoni. Ramani inatanuka kushoto na kulia, kwa hiyo jicho linaona pengo: tawi la sababu lina nodi, yaani visanduku vya hoja, nane, tawi la matokeo lina moja. Orodha inashuka chini, kwa hiyo jicho linaona mfuatano. Ndiyo maana ramani inafaa wakati hujui bado nini kinatangulia nini, na orodha inafaa ukishajua. Anayelazimisha moja ifanye kazi ya nyingine huishia kulaumu programu.

Hatua ya kwanza: andaa malighafi

Fungua Notepad, au kihariri chochote cha maandishi matupu. Andika hoja zako, kila hoja mstari wake, bila namba wala vidoti. Ukivinakili vidoti kutoka Word vitakuja kama herufi za kawaida, na utavifuta kimoja kimoja. Hifadhi kwa jina kama majimaji.txt, na kwenye kisanduku cha usimbaji chagua UTF-8.

Hakikisha ndani yake kuna vitu vinne vinavyosumbua programu:

- Tarehe tano au zaidi, kwa mfano: Julai 1905, Wamatumbi wakang'oa pamba Nandete; Agosti 1905, Kinjikitile Ngwale ananyongwa; mwisho wa mwezi huo huo, boma la Mahenge linashambuliwa; 1906, Songea Mbano ananyongwa.
- Majina ya watu na mahali: Ngarambe, Songea, gavana von Götzen.
- Hoja moja ndefu ya maneno 40 au zaidi, kwa mfano maelezo ya imani kwamba maji yangegeuza risasi kuwa maji.
- Hoja moja yenye makao mawili. Hapa ni njaa: ilikuwa mbinu ya Wajerumani, waliochoma mashamba na maghala, na pia ni matokeo ya vita.

Hiyo ya mwisho usiiruke. Ndiyo itakayokuonyesha mti unaishia wapi.

Hatua ya pili: Freeplane, upande wa ramani

Kwa ramani anza na Freeplane. Ni programu huria iliyozaliwa kutokana na FreeMind, inafanya kazi Windows, Mac na Linux, haihitaji akaunti wala intaneti ukishaiweka, na haina kikomo cha idadi ya ramani. Sura yake si ya kuvutia, lakini kazi inafanyika.

Programu imeandikwa kwa Java, lugha ya programu inayotaka mashine iwe na kiendeshi chake, na hapo ndipo wengi wanakwama. Kwa Windows kuna kisakinishi chenye Java ndani yake na kingine kisicho nayo. Kisicho nayo ni kidogo na kinavutia mwenye bando dogo, lakini kwenye mashine isiyo na Java programu haifunguki. Pakua chenye Java, jina la faili linasema hivyo lenyewe. Anayetumia kompyuta ya maktaba au ya ofisi asiyoruhusiwa kuweka kitu achukue toleo la kubebeka, aliweke kwenye flashi.

Ukishafungua ramani mpya, andika katikati "Vita vya Maji Maji", kisha jifunze vitufe hivi kabla ya kugusa kipanya:

- Tab huzaa mtoto wa nodi uliyoichagua.
- Enter huzaa ndugu yake, chini yake.
- F2 hufungua nodi uhariri maneno yake.
- Kitufe cha nafasi hukunja na kukunjua tawi.
- Ctrl pamoja na mshale wa juu au wa chini husogeza nodi kati ya ndugu zake.
- Ctrl+Z hurudisha ulichoharibu.

Hicho cha mwisho utakihitaji mapema kuliko unavyodhani. Ukichagua nodi na kuanza kuandika bila F2, maneno mapya hufuta ya zamani. Watu hupoteza nusu ya ramani hivi, hasa wakiwa wanaandika haraka huku macho yako kwenye daftari.

Sasa tengeneza matawi matano: Sababu, Watu, Mfululizo, Mbinu, Matokeo. Yasizidi saba. Ukiwa na matawi 12 kwenye shina, hujapanga bado, umehamisha tu fujo kutoka kwenye karatasi. Nakili mistari yote kutoka Notepad, chagua shina, bonyeza Ctrl+V. Kila mstari unakuwa nodi yake. Kuanzia hapo kazi ni kukata na kubandika: chagua nodi zinazofanana kwa kushikilia Ctrl na kubofya moja moja, bonyeza Ctrl+X, chagua tawi zinakotakiwa, bonyeza Ctrl+V. Kuburuta kwa kipanya kunawezekana, ila nodi ina sehemu mbili za kupokelea: ukiachia upande mmoja unachokiburuta kinakuwa mtoto, ukiachia upande mwingine kinakuwa ndugu. Asiyetazama kivuli kinachojitokeza kabla ya kuachia hujikuta Songea Mbano amekuwa mtoto wa Kinjikitile.

Ile hoja ya maneno 40 itavimba na kuisukuma ramani nzima pembeni. Ikate. Kwenye nodi bakiza maneno matano hadi saba, "imani ya maji dhidi ya risasi", na maelezo yote yaingize kwenye paneli ya maelezo ya nodi hiyo, inayofunguliwa kutoka menyu ya View. Nodi itaonyesha aikoni ndogo kuashiria kwamba ina jambo zaidi ndani.

Njaa nayo iweke chini ya Matokeo, kisha chagua nodi ya njaa na nodi ya Mbinu kwa pamoja, bonyeza Ctrl+L. Mstari wa kupinda utaziunganisha. Mistari ya namna hii miwili mitatu inasaidia sana. Ikifika kumi, ramani imekuwa wavu wa kuvulia dagaa na hakuna atakayeisoma.

Ukitaka kuitoa kama picha au PDF, kunjua kwanza matawi yote. Kinachotoka ni kile kinachoonekana. Tawi lililokunjwa halichapishwi, na hakuna onyo lolote.

Programu nyingine za ramani

Zinazofanya kazi ndani ya kivinjari ni nyepesi kuanza nazo na zinaruhusu watu wawili watatu kushika ramani moja kwa wakati mmoja, jambo ambalo Freeplane haijaumbwa kulifanya. Bei yake ni kikomo. MindMeister kwa mpango wa bure inatoa ramani tatu. Coggle inatoa michoro mitatu ya siri, na mingine yote iwe wazi kwa kila mtu. Viwango hivi hubadilishwa na wenye kampuni wanapotaka, kwa hiyo soma ukurasa wa bei siku ile ile unayojiandikisha. Kwa kundi la wanafunzi wanne wanaoandaa mada moja, ramani tatu zinatosha. Kwa notisi za muhula mzima wa masomo saba, hazifiki Jumatano.

Angalia pia kama toleo la bure linakuruhusu kutoa ramani kwa muundo mwingine, au linakupa picha tu yenye chapa ya kampuni juu yake. Picha haihaririki. Notisi zilizotoka kama picha zimekwama humo.

Hatua ya tatu: upande wa orodha

Hapa uchaguzi unategemea unaandikia wapi.

Mwenye simu kuliko kompyuta aanze na Dynalist. Mpango wa bure hauhesabu mistari wala hati, na kuna programu ya Android. Workflowy ni tamu zaidi kuitumia, lakini mpango wake wa bure una kikomo cha mistari mipya kwa mwezi, na mwanafunzi anayeandika kwa bidii anakifikia kwa mihadhara michache. Zote mbili zinaweka notisi zako kwenye mashine za kampuni.

Asiyetaka hilo atumie Logseq. Ni programu huria, inahifadhi kila ukurasa kama faili la Markdown, yaani maandishi matupu yenye alama chache za mpangilio, kwenye folda unayoichagua wewe, na unaweza kulifungua faili hilo kwa Notepad hata Logseq ikifutwa. Kosa la kawaida ni mtu kuandika wiki mbili kwenye ukurasa wa leo, ambao ndio unaofunguka wenyewe, halafu asijue notisi zake ziko wapi. Ziko kwenye folda ya journals, zimegawanywa kwa tarehe. Za somo ziundie ukurasa wake kwa jina, nazo zitaingia folda ya pages.

Anayetumia Emacs, kihariri cha maandishi cha waandika programu, tayari ana Org, sehemu yake ya kupangia orodha, na hahitaji kushawishiwa. Kwa wengine, kujifunza Emacs ili kupanga notisi ni kununua basi ili uende sokoni.

Halafu kuna chaguo ambalo halitajwi kabisa na wengi wanalo tayari: LibreOffice Writer. Weka kishale kwenye mstari, bonyeza Ctrl+1 kwa kichwa cha ngazi ya kwanza, Ctrl+2 kwa ya pili, Ctrl+3 kwa ya tatu, Ctrl+0 kwa maandishi ya kawaida. Kisha F5 hufungua dirisha la Navigator lenye vichwa vyote. Ukikisogeza kichwa juu au chini humo, kila kilicho chini yake kinafuata. Kwa insha, ripoti au tasnifu, hapo ndipo notisi zitakapoishia hata hivyo, basi ukianza hapo umepunguza safari moja. Na kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili inapatikana ndani yake: badili lugha ya hati, la sivyo ukurasa mzima utapigiwa mistari myekundu.

Kwenye Dynalist na Logseq vitufe vikuu ni vile vile: Enter kwa mstari mpya, Tab kuujongeza uwe mtoto, Shift+Tab kuurudisha. Bandika mistari yako 40, kisha ipange kwa kujongeza. Kwenye Dynalist, Shift+Enter hufungua maelezo chini ya mstari, na ndipo ile hoja ndefu inapokaa. Utaona hapa haisumbui kama ilivyosumbua kwenye ramani. Mfululizo wa tarehe nao unapangika kwa dakika mbili. Lakini pengo la upande wa Matokeo, lililokuwa linapiga kelele kwenye ramani, hapa limejificha chini ya ukurasa.

Hatua ya nne: pima

Shika saa ya simu. Fanya majaribio haya kwenye kila programu uliyoiweka, na uandike dakika.

Kwanza, ingiza hoja kumi mpya bila kugusa kipanya. Ikikulazimisha kugusa, itakuchelewesha darasani.

Pili, hamisha tawi zima lenye watoto sita kutoka sehemu moja hadi nyingine, halafu lirudishe.

Tatu, tafuta neno "wakang'oa". Jaribio hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo linaloangusha wengi. Word na simu nyingi hubadilisha alama ya ng' iwe ya kupinda, ilhali kibodi ya kompyuta inaandika iliyonyooka. Kwa programu nyingi hizo ni herufi mbili tofauti, hivyo unatafuta ng'ombe na kuambiwa hayupo ilhali umemfunga mwenyewe. Dawa ni kuzisawazisha kwenye Notepad kabla ya kubandika: Ctrl+H, badilisha zote za kupinda ziwe zilizonyooka.

Nne, zima data na Wi-Fi, funga programu, ifungue tena. Freeplane, Logseq na LibreOffice hazitatikisika. Za kwenye kivinjari, baadhi zitafunguka na baadhi zitakuonyesha ukurasa mweupe. Mahali ambapo umeme na bando havina uhakika, jaribio hili peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Tano, toa notisi zako nje. Hili lina sehemu yake.

Hatua ya tano: kuvuka kutoka ramani kwenda orodha, na kurudi

Daraja lisilovunjika ni maandishi yaliyojongezwa. Yanaonekana hivi:

Vita vya Maji Maji
    Sababu
        Kodi
        Kilimo cha pamba cha kulazimishwa
    Mfululizo
        Julai 1905: pamba yang'olewa Nandete
        Agosti 1905: Kinjikitile anyongwa

Kwenye Freeplane chagua shina, bonyeza Ctrl+C, nenda Notepad, bonyeza Ctrl+V. Ramani nzima itatua kama mistari yenye ngazi. Nakili hiyo uibandike Dynalist. Kurudi ni vivyo hivyo: bandika maandishi yenye ngazi juu ya shina la Freeplane, nayo yatachanua kuwa matawi.

Kinachoharibika hapa ni ujongezaji. Ukichanganya Tab na nafasi katika faili moja, programu hukosea kuhesabu ngazi na watoto hupewa wazazi wasio wao. Amua kimoja. Kama faili limeshachanganyika, tumia Ctrl+H kubadilisha kila nafasi nne ziwe Tab moja, kabla ya kubandika. Usiruke ngazi pia: mstari wa ngazi ya nne hauwezi kufuata moja kwa moja mstari wa ngazi ya pili.

Daraja la pili ni OPML, muundo wa faili la orodha za ngazi ulioanzishwa na Dave Winer mwaka 2000. Dynalist, Workflowy na Logseq zote zinautoa. Unabeba ngazi vizuri, ila maelezo yaliyofungwa chini ya mistari husafiri kama sifa iitwayo _note, na programu nyingine haziisomi. Hazilalamiki, zinaiacha tu njiani. Basi kabla ya kufuta notisi za zamani, lifungue faili la OPML kwa Notepad na utafute _note. Yakiwa humo lakini hayaonekani kwenye programu mpya, ujue tatizo liko upande wa mpokeaji. Rudi kwenye programu ya kwanza uyageuze maelezo hayo kuwa mistari ya kawaida, kisha toa upya.

Mistari ya kuunganisha, kama ule wa njaa, haivuki daraja lolote kati ya haya mawili. Kabla ya kunakili, andika kwenye nodi yenyewe "njaa, tazama pia Mbinu". Si maridadi, lakini inavuka.

Uchague ipi

Kwa mtu mmoja, kompyuta moja na somo ambalo halijakaa sawa kichwani: Freeplane kwa siku ya kwanza, kisha LibreOffice au Logseq kwa siku zote zinazofuata. Ramani inayozidi nodi 80 hivi kwenye skrini ya kompyuta mpakato inakuwa ya kusogezasogeza tu, na wakati huo imeshamaliza kazi yake. Usiendelee kuipamba rangi. Rangi ni namna ya kuahirisha kusoma.

Kwa anayeandika kwenye daladala kwa simu: Dynalist, na kila mwisho wa mwezi atoe OPML. Kwa kikundi: chochote cha kwenye kivinjari ambacho wote wanaweza kukifungua, hata kama si kizuri kuliko vyote, na mmoja wao apewe kazi ya kukitoa nje kila Ijumaa.

Kuhusu akiba: faili la Freeplane lina kiambishi .mm na ndani ni maandishi ya XML. Ukilifungua kwa Notepad utaziona hoja zako zikifuata neno TEXT, kwa hiyo hata programu ikigoma, maneno yapo. Freeplane pia hutunza nakala kwenye folda ya .backup, ambayo kwa Linux na Mac imefichwa. Ila folda hiyo ikiwa kwenye diski ile ile na diski ikafa, vimekufa pamoja. Weka kwenye flashi vitu vitatu kwa kila somo: faili la .mm, faili la OPML au Markdown, na lile la majimaji.txt uliloanza nalo. Vyote vitatu kwa pamoja havifikii uzito wa picha moja ya simu.